Tupeane uzoefu: ni nini kilichokusaidia kuvielewa vitenzi vya Kiingereza?

Mwanzisha mada, mwalimu, Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, na ningependa tuzungumzie vitenzi peke yake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari anakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimeandikwa ubaoni kwa Kiingereza. Majina ya vitu atayakariri. Kitenzi ndicho kinachomkwamisha, kwa sababu ndicho kinachobeba wakati, na Kiingereza hakiugawi wakati kama tunavyougawa sisi.

Wengi wetu tulifundishwa kwa kuimba orodha ya safu tatu: "go, went, gone", "take, took, taken". Siidharau orodha hiyo, kwa kuwa vitenzi visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotumika mno, kuanzia "be", "have" na "do" hadi "say" na "see". Hata hivyo, haimwambii mtoto ni lini aseme "took" na ni lini aseme "has taken". Kinachonisaidia darasani ni kuanzia kwenye sarufi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Ninaandika ubaoni "hakuandika", ninawauliza ukanushi wa wakati uliopita uko wapi, nao wananionyesha ha- na -ku- kabla ya mzizi. Chini yake ninaandika "did not write", nikiwaeleza kwamba "did" imekwisha kuubeba wakati uliopita, kwa hiyo "write" inabaki kama ilivyo. Tangu nianze njia hii, "did not wrote" imepungua sana katika madaftari yao.

Karibuni, kila mmoja aeleze lililomsaidia.

Muuguzi, Uingereza

Asante sana, mwalimu. Ninafanya kazi katika wodi ya wazee, na kwangu mimi kitenzi ni suala la usalama wa mgonjwa. Kwa Kiswahili tunasema "anatapika tangu asubuhi", na msikilizaji anaelewa kwamba hali hiyo ilianza asubuhi na haijakoma. Kiingereza hakikubali "he is vomiting since morning". Kinataka "he has been vomiting since this morning". Ukikabidhi zamu kwa kusema "he vomited this morning", anayepokea ataelewa kwamba mgonjwa alitapika na yamekwisha, na huenda asiharakishe kuangalia kama amepungukiwa maji mwilini. Muuguzi mwandamizi aliyenipokea alinifundisha kujiuliza swali moja kabla sijaandika: je, jambo hili bado linaendelea? Kama linaendelea tangu saa fulani, ni "has been". Kama limekwisha na saa yake inajulikana, ni "vomited". Ninalitumia swali hilo kila zamu, na nimewapa wenzangu wapya wanaotoka Afrika Mashariki.

Mkazi wa Nairobi, mzaliwa wa Lubumbashi

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunavutwa kutoka pande mbili. Kifaransa kinaruhusu "je l'ai vu hier", Kiswahili cha mazungumzo kinaruhusu "nimemwona jana", basi ulimi unakimbilia "I have seen him yesterday". Niliyoishika ni kanuni hii: neno linalotaja wakati uliokwisha kufungwa, kama "yesterday" au "last year", haliketi pamoja na "have". Ukishalitaja, sema "I saw him".

Mkalimani, Mombasa

Naomba niongeze kuhusu -nge-, kwa maana hapo ndipo hata watu wenye Kiingereza kizuri hujikwaa. Kwetu -nge- husimama pande zote mbili: "ningekuwa na fedha, ningenunua shamba". Watu wazima ninaowafundisha jioni huihamisha ilivyo na kusema "if I would have money, I would buy a farm". Kiingereza sanifu hukitia kitenzi cha upande wa "if" katika umbo la wakati uliopita, yaani "if I had money", ingawa hakuna lolote lililopita. Wanashangaa, nami huwaambia kwamba umbo hilo hapo linaonyesha umbali kutoka kwenye uhalisia, si umbali wa miaka. Wakishalipokea hilo, sentensi zao hunyooka.

Jambo la pili ni kiambishi cha mtendwa, kama -ni- inayomtaja anayeelezwa. "Alinieleza tatizo" huzaa "he explained me the problem", ilhali Kiingereza husema "he explained the problem to me", na papo hapo kinakubali "he told me the problem". Hakuna njia ya mkato hapa. Kitenzi kiandikwe daftarini pamoja na kile kinachokifuata, kisiandikwe peke yake.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Swali la muuguzi nitalipeleka darasani wiki hii. Nami naongeza moja kuhusu -na-, kwa sababu "mama anauza samaki" inaweza kuwa "is selling" au "sells". Ninawaambia wanafunzi wajaribu kuweka hu-: kama "mama huuza samaki" inatoa maana ileile waliyoikusudia, waandike "sells", na ile s ya mwisho isisahaulike; lakini kama wanamaanisha yuko sokoni anauza sasa hivi, waandike "is selling". Tahadhari ni kwa vitenzi kama "know", "want" na "believe", ambavyo kwa kawaida havichukui -ing hata kama Kiswahili kinasema "ninajua" na "ninataka".