Serikali ikikataa kusajili dini ndogo, mahakama huwa inaangalia nini?

Mdadisi_Huru
Wakuu habarini, naomba kueleweshwa. Kuna watu nafahamiana nao wanaabudu kwenye kikundi kidogo, dini yenyewe mpya na wengi hawaijui, wameomba usajili wakanyimwa, barua inasema ni "imani potofu" basi, hakuna kosa lolote limetajwa. Bila usajili hawafungui akaunti benki kwa jina la kikundi, ukumbi hawapangishwi, wanahamahama nyumba za watu na majirani wanawaitia polisi. Mi sio muumini wao na mafundisho yao mengine siyaelewi kabisa ila inaniuma. Hivi watu wa namna hii mahakamani huwa wanashinda? Na jaji anapima nini, mafundisho?

Mzee_wa_Vifungu
Mkuu, majaji wengi wanakwepa kupima kama imani ni ya kweli, na ndo inavyotakiwa, maana kipimo hicho hawana. Wanapima waumini wamefanya nini na serikali imetoa sababu gani. Angalia kesi ya Jeshi la Wokovu tawi la Moscow. Urusi walitunga sheria mwaka 1997 mashirika ya dini yajisajili upya, hawa wakanyimwa, na hoja mojawapo iliyokubaliwa na mahakama za kule ni kwamba wanavaa sare na wanajiita jeshi kwa hiyo wana muundo wa kijeshi!! Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaikataa hoja hiyo, Urusi ikashindwa. Sasa barua ya "imani potofu" isiyotaja tendo hata moja inashambulika vizuri tu. Wawahi rufaa, wasome muda wa mwisho ni lini, hapo ndo wengi wanaangukia kabla hata hawajasikilizwa.

Bi_Tausi
Samahanini ila mnaongea kirahisi sana. Mama yangu mdogo aliuza kiwanja hela yote akapeleka kwa kikundi cha hivyohivyo, kaambiwa asipotoa laana ya ukoo haiondoki, leo anaishi kwa kusaidiwa na watoto. Japan Machi 2025 mahakama ya Tokyo imeamuru Kanisa la Muungano, lile lililoanzishwa na Moon wa Korea, livunjwe kwa sababu ya michango ya namna hiyo, familia zimefilisika. Na hao si dini ndogo pia? Huu uhuru wa kuabudu usiwe kichaka cha kujificha.

Mzee_wa_Vifungu
Dada pole sana kwa mama. Na mfano wako ni mzuri, ngoja tuuweke karibu na wa Urusi. Japan serikali ilipeleka ushahidi wa waliokamuliwa hela, na hukumu za madai zilikuwa zimeshatolewa miaka mingi nyuma, tena amri yenyewe inaondoa hadhi ya kisheria na msamaha wa kodi, kusali hawajakatazwa. Urusi Aprili 2017 Mahakama ya Juu ikawapiga marufuku Mashahidi wa Yehova kwamba ni watu wa itikadi kali, pamoja na mashirika yao 395 ya mitaa, kwa sheria ambayo haidai mtu awe amefanya vurugu, na watu wakafungwa miaka kwa kukusanyika kusoma Biblia. 2022 mahakama ya Ulaya ikasema haki zao zimevunjwa. Aliyemla mama yako hela ashtakiwe yeye, kwa utapeli au kesi ya madai arudishe. Ukisema wanyimwe usajili wote wenye imani ngeni, unamwadhibu na ambaye hajamchukulia mtu hata senti.

Bi_Tausi
Hapo kwenye kumshtaki aliyekula hela nakubali. Ila asiwepo wa kuniambia wote ni malaika.

Chaki_na_Ubao
Niongezee kitu maana mimi ni mwalimu na hili nalifuatilia. Wasikate tamaa wakishindwa mara ya kwanza. Marekani mwaka 1940 Mahakama ya Juu ilisema ni halali kufukuza shule watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kusalimu bendera, baada ya hukumu hiyo waumini walipigwa sehemu nyingi, halafu 1943 mahakama ileile ikageuza hukumu yake. India nako watoto watatu walifukuzwa kwa kutoimba wimbo wa taifa ingawa walisimama kwa heshima, 1986 Mahakama ya Juu ikaagiza warudishwe darasani. Watoto watatu tu, na nchi kubwa vile.

Mdadisi_Huru
Nashukuru sana wakuu, nawapelekea leoleo. La mwisho: wakati rufaa inasubiriwa, kukutana nyumbani kusali ni kosa?

Mzee_wa_Vifungu
Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ibara ya 18, haufungi uhuru wa kuabudu kwenye cheti, na kamati inayousimamia ilishaeleza 1993 kwamba ibara hiyo inalinda hata dini mpya na za wachache. Ila kuna nchi sheria zake zinafanya ibada bila usajili kuwa kosa, kwa hiyo wasiende kwa kukisia, wakili asome sheria ya kwao kwanza. Na kila polisi wakija waandike tarehe, jina la askari na alichosema, rufaani watavihitaji hivyo.