Fela Sowande, mpiga kinanda wa Nigeria: mwenye kumjua vizuri naomba anisaidie

kinanda_usharika:
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga kinanda usharikani kwetu na jumamosi nafundisha watoto, sasa mwezi ujao tuna jioni ya muziki na mchungaji kaniomba niongee kidogo kuhusu mwanamuziki wa kanisa. Kila mwaka ni Bach na Händel, mwaka huu nataka niwaletee Mwafrika, na nimemchagua Fela Sowande. Najua kazaliwa Nigeria 1905 na kafariki Marekani 1987, piano alipiga, kinanda cha kanisa alipiga, na vyuo vikuu kafundisha. Lakini nikimtaja tu watu wanasema "aah, Fela Kuti", yule mwanamuziki wa Afrobeat, hata walimu wa kwaya! Naomba mnieleze alifundishwa na nani, na ilikuwaje akaingiza nyimbo za kwao kwenye kinanda, maana hapo ndipo paliponivutia mimi. Na kama kuna kipande chake ambacho mtu wa kawaida anaweza kukipiga nitajieni.

mzee_wa_besi:
Mkuu hapo umechagua mtu haswa. Ushauri wangu anza na mwalimu wake, bila huyo Sowande haeleweki. Baba yake alikuwa kasisi wa Anglikana na mtu wa muziki wa kanisa, ila aliyemlea kwenye kinanda ni Thomas Ekundayo Phillips, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Christ Church pale Lagos, aliyeshika kazi hiyo toka 1914 mpaka 1962. Fikiria mtu mmoja kwenye kiti kile kile miaka yote hiyo, na Sowande akiwa kijana yuko kwenye kwaya anamsikiliza.

Sasa Phillips alikuwa na jambo linamkera. Kiyoruba ni lugha ya toni, sauti ikipanda au ikishuka maana inabadilika, neno *ọkọ* ukilitamka hivi ni mume, ukipandisha mwisho ni jembe. Wamisionari walikuwa wamechukua tenzi za Kiingereza wakaweka maneno ya Kiyoruba juu ya tuni zile zile, kwa hiyo waumini wanaimba kitu ambacho masikioni kwao kimepinda kabisa. Phillips akaanza kutunga tuni zinazofuata maneno yanavyosemwa. Sowande kakulia humo, ndo maana baadaye unakuta vipande vyake vya kinanda vimejengwa juu ya nyimbo za makanisa ya Wayoruba, Obangiji, Oyigiyigi, Yoruba Lament, vyote vya miaka ya 1950.

London alienda 1934 kusomea uinjinia, muziki ukamchukua. Usiku anapiga jazz kwenye vilabu, karekodi na mwimbaji Adelaide Hall yeye akiwa kwenye kinanda cha umeme cha Hammond, na huku anajisomea. 1943 akapata daraja la Fellow la Royal College of Organists, chama cha wapiga kinanda cha Uingereza, kwa mtihani ambao wapiga kinanda wa huko wenyewe wanauogopa, na hapo ni katikati ya vita. Kuanzia 1945 hadi 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya Kingsway Hall, ukumbi wa ibada wa Wamethodisti hapo London. Usiifiche hiyo habari ya vilabu mbele ya washarika, waambie wazi, mikono ni ile ile na hakuona haja ya kuchagua.

dada_alto:
Hilo la Fela Kuti usilikimbie, litumie. Babu yake Fela Kuti, mchungaji Josiah Ransome-Kuti, naye alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa kwa Kiyoruba na alizirekodi London mwaka 1922. Kwa hiyo hata huyo Fela watu wanayemjua katoka nyumba ya nyimbo za kanisa, ukianzia hapo watu watakaa wasikilize.

Halafu wapigie African Suite ya 1944, ni ya vyombo vya nyuzi na kinubi. Sehemu ya kwanza ametumia melodia ya mtunzi Ephraim Amu wa Ghana, kuna moja inaitwa Nostalgia ambayo ni ya mtu anayekumbuka kwao akiwa ugenini, na ya mwisho Akinla ina mdundo wa highlife, ule muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, yani violini zinacheza kabisa, mimi kila nikiisikiliza siwezi kukaa kimya.

sauti_ya_nne:
Samahani lakini naomba kuuliza. Kama alitaka muziki wa kwao kwa nini asitumie ngoma, kinanda cha mabomba si cha Wazungu?

mzee_wa_besi:
Swali zuri ndugu. Kwa mtoto aliyekulia Lagos kwenye kwaya ile, kinanda hakikuwa kitu cha mgeni, kilikuwa cha jumapili yake. Na ngoma hakuzitupa, aliporudi Nigeria alifanya kazi kwenye redio ya taifa halafu Chuo Kikuu cha Ibadan akichunguza muziki na dini ya Wayoruba, na uhuru ulipokuja 1960 akatunga Folk Symphony. Kisha Marekani, vyuo vikuu vya Howard, Pittsburgh na Kent State, akifundisha mambo hayo hayo. Mimi naona alitufanyia kazi kubwa sisi wapiga vinanda wa Kiafrika na tumemsahau vibaya, mtu anafundishwa kinanda miaka mitano hajawahi kuwekewa mbele ukurasa mmoja ulioandikwa na Mwafrika.

dada_alto:
Hapo mzee umenena. Na sisi tuna la kwetu, Kiswahili hakina toni lakini mkazo uko silabi ya pili toka mwisho, na kuna tenzi tunaimba pigo zito linaangukia silabi ya mwisho, watoto wangu wa kwaya wanajikwaa pale pale kila wiki.

kinanda_usharika:
Asanteni sana sana. Kinanda chetu ni Yamaha ya kawaida haina pedali za kupiga kwa miguu, Obangiji inawezekana?

mzee_wa_besi:
Inawezekana mkiwa wawili. Mwanafunzi wako mmoja akae kushoto apige mstari wa pedali peke yake oktava ya chini, wewe shika mistari miwili ya juu, na mfanye mazoezi taratibu kwanza bila sauti ya trumpet. Kabla ya kupiga mwambie mtu wa soprano aimbe melodia peke yake, watu waishike, ndipo mwanze.