Yule bwana wa "data ni data" leo kanivua nguo mbele ya mteja

Wakuu nimetoka kwenye kikao sasa hivi, mikono bado inatetemeka, sijala na sitaki kula. Yule bwana mnamjua, hakuna ofisi ya madeva (waandika programu) mjini hapa ambayo hajapita, yule ambaye kila taipu (aina ya data) kwake ni stringi, yaani maandishi matupu, na kila stringi kwake ni sawa tu. Leo kaninyooshea kalamu mbele ya mteja akasema "muulizeni huyu, yeye ndiye mtu wa tarehe". KALAMU wakuu. Mbele ya mwenyekiti wa SACCOS na mweka hazina wake, wazee wa watu wamevaa makoti.

Sasa sikilizeni. Sehemu ya kufungasha data ya mikopo kabla haijawa JSON (maandishi ya kusafirishia data kati ya mifumo) niliandika mimi, kila kitu kinasafiri na taipu yake pembeni, tarehe inajitambulisha kuwa ni tarehe, Map (orodha ya jozi za jina na thamani) inajitambulisha kuwa ni Map, ikifika upande wa pili inafunguliwa na kurudi kama ilivyokuwa. Yeye kaifuta yote, eti nachafua JSON, akaweka ule mstari wake mmoja wa JSON.parse(JSON.stringify()), wa kugeuza data kuwa maandishi na kuirudisha, anaoupachika kila mahali mpaka nadhani hata ndoa alifunga kwa huo mstari. Basi Map yenye wanachama wote ikatoka {}. Mabano mawili! Wazee wamechanga hisa miaka na miaka, wamefutwa wote kwa pumzi moja. Tarehe nazo, mkopo unatakiwa ulipwe Machi 1, imehifadhiwa saa sita usiku ya Dar, JavaScript (lugha ya programu tunayotumia) ikiiandika kwenye JSON inaipeleka UTC (saa za kimataifa), masaa matatu nyuma, inatoka 2025-02-28T21:00:00.000Z, na yeye huko upande wa pili anakata herufi kumi za mwanzo anaziita tarehe. Februari 28! Mtu kalipa siku yake ileile kapigwa faini ya kuchelewa.

Halafu mtu wa tarehe ni mimi. Na kalamu juu. Mweka hazina akaifuata ile kalamu kwa macho inakoelekea, ikamfikisha kwangu, akaniangalia utasema faini nimezitia mfukoni. Haya yote nilishamwandikia kwenye grupu, kwamba Set (mkusanyiko usio na marudio) inatoka tupu, undefined (kisichopewa thamani) inafutika, NaN (isiyo namba) inageuka null (hakuna kitu), akajibu "data ni data" na kidole gumba. Kidole gumba nilikisamehe. Kalamu siisamehi.

Kibatari: Maelezo yote haya hata picha ya erori hujaweka. Tuamini kalamu tu?

Mleta uzi: Erori HAKUNA mkuu, ndiyo inayoniuma hiyo! stringify inameza kimya kimya. Kwa upande wa taipu, inayopiga kelele ni BigInt (namba kamili kubwa sana), hiyo inagoma na erori ya TypeError. Bora na Map ingegoma.

DadaDatabesi: Pole ila wewe una nafuu. Wa kwetu kahifadhi namba za NIDA kama namba. Tarakimu 20 hizo, na JavaScript uhakika wake kwenye namba kamili unaishia 9007199254740991, ukivuka hapo tarakimu za mkiani zinabadilika zenyewe. Mwananchi anaandika namba yake sahihi kabisa, mfumo unamwambia hayupo. Twitter hili liliwakuta 2010 wakaongeza id_str ili ID isafiri kama maandishi, nikamwonyesha bosi, kanijibu Twitter walikurupuka.

Fundi Nyaya: Kwani kalamu ilikuwa rangi gani?

Mleta uzi: Nyekundu.

mtoto_wa_seva: Hamieni lugha ya Python nyie, pickle yake ya kufungasha data inabeba karibu kila kitu na taipu zake, mnalia bure

Kaka Nukta: Pickle ukiifungua inaweza kuendesha amri yoyote iliyofichwa ndani, nyaraka za Python zenyewe zinaonya usifungue usiyoiamini. Unataka SACCOS ya watu ikombwe? Na JSON ya huko huko Python unaweka tuple (orodha isiyobadilika) inarudi list (orodha ya kawaida), dict (kamusi ya funguo na thamani) ya funguo za namba inarudi na funguo za stringi.

mtoto_wa_seva: nimesema tu mbona mkali hivyo

Kibatari: Mimi niko na huyo bwana. Kuna fomati zilizo tayari, kuna Protocol Buffers, kuna CBOR ina tagi ya tarehe tangu 2013, wewe unajitungia fomati yako sebuleni. Hata mimi ningefuta.

Mleta uzi: Haya kafuta, na kalamu je??? Mbona hamgusii kalamu?

Bi Faili: YAML, fomati nyingine ya kuandikia data, mmeiacha. Nina orodha ya nchi, kifupi cha Norwe ni NO, ikasomwa kama "no" ya hapana, yaani false. Nchi nzima na mfalme wao imekuwa uongo. YAML 1.2 ya 2009 ililiondoa hilo lakini PyYAML, msomaji wake wa Python, bado iko kwenye mambo ya 1.1. Bosi kasema tuitoe Norwe.

Kaka Nukta: Iwekee alama za kunukuu dada, Norwe isikose kazi kwa ajili yenu

Fundi Nyaya: Nyie wote hamjakutana na mhasibu mwenye Excel. Namba za simu za 0754 zote zimepoteza sifuri, meseji za wateja haziendi. Hata wataalamu wa jeni walishindwana na Excel, 2020 wakabadilisha majina ya jeni, MARCH1 ikawa MARCHF1 sababu Excel ilikuwa inaifanya tarehe.

Mleta uzi: Jamani naomba tusitoke nje ya mada. Nimenyooshewa kalamu.

DadaDatabesi: Fundi, hiyo ya sifuri mnaitibuje? Na mimi ninayo hapa.

Fundi Nyaya: Safu nzima iweke Text KABLA ya kubandika. Ukibandika kwanza imekula kwako, sifuri hairudi.

Kibatari: Na CSV? Maana ukiibofya mara mbili tu inazila upya.

Fundi Nyaya: Usiibofye. Fungua Excel tupu, ingia Data, leta faili kutokea hapo, safu ya simu uichagulie Text.

DadaDatabesi: Imekubali, ubarikiwe sana

mtoto_wa_seva: wenye LibreOffice tunafanyaje wakuu