Kundi la kusoma mashairi lidumu vipi? Naomba ushauri (Mwanza)

Mkazi_Kirumba:
Wakuu habari zenu, na shikamooni wakubwa. Tuna kundi la WhatsApp la kusoma mashairi. Wengi tuko Kirumba na Igoma, wengine Nansio kule Ukerewe. Shida ni kwamba mtu anapiga picha kurasa tano za diwani anazitupa kundini, wenzake wanaweka kidole gumba, imeisha hiyo. Jumamosi tukikutana, usomaji unakuwa kama taarifa ya habari. Tusome kiasi gani, tuanze na mashairi gani, na tusomeje hadi iwe desturi?

KinaChaBahari:
Mkuu, punguzeni mzigo kwanza. Tarbia moja (shairi lenye mishororo minne kila ubeti) ya beti 5 hadi 7 inatosha wiki nzima. Na msitume picha. Mwenye zamu achape shairi mwenyewe, maana anayechapa hupita kwenye kila silabi na mzani, yaani hesabu ya silabi, ukipungua anauona palepale.

Kusoma kama taarifa kunatokana na kutojua pa kupumua. Nawatungia mshororo mmoja wa mazoezi:

*Ziwa leo lachafuka, nanga teremsha chini.*

Mizani 8 kabla ya mkato (kituo cha katikati ya mshororo), 8 baada yake. Pigeni hesabu kwa vidole: zi-wa-le-o-la-cha-fu-ka, na-nga-te-re-m-sha-chi-ni. Hiyo "m" ya "teremsha" inahesabiwa peke yake, sawa na ya "mtu". Msomaji akiimeza, utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, unabaki na mizani 7 na sikio linashtuka hata kama halijui kwa nini. Pumzi fupi iwe kwenye mkato, ndefu mwisho wa mshororo. Kina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, msikigongee nyundo, kiacheni kilie chenyewe.

Ratiba: Jumatatu shairi linatumwa. Jumatano kila mmoja anatuma voisi ya ubeti mmoja tu. Ubeti una mizani 64, kwa mwendo wa utulivu unakaribia nusu dakika. Ukikuishia kwenye sekunde 12, umekimbia, rudia. Ijumaa mwenye zamu anauliza swali moja la maana, si "mmelionaje?" bali mathalani: kibwagizo (mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti) ni kilekile, mbona katika ubeti wa nne kinasema jambo jingine? Jumamosi mnaghani bila karatasi, kila mtu ubeti wake.

Bi_Mizani:
Naunga mkono, ila niongeze la huku kwetu. Wengi tuliokulia Kisukuma tunachanganya r na l. Katika mazungumzo haina neno, lakini kwenye shairi "-ra" na "-la" ni vina viwili tofauti. Mtunzi kapanga "hasira, busara, ishara", wewe unasoma "hasila" katikati, nyumba yote inapinda. Kabla ya kurekodi, pigieni mstari silabi za mwisho za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao, mzisome hizo peke yake kutoka juu hadi chini mara tatu, ndipo msome ubeti.

Voisi zirekodiwe asubuhi na ndani. Mchana upepo wa ziwa unaingia mjini na maikrofoni ya simu hunasa mvumo mtupu. Mvua ikigonga bati, ahirisheni.

Nansio_Kwetu:
Mimi ningeanza na mshairi Kezilahabi. Ni mtu wa Ukerewe, na diwani yake *Kichomi* ya 1974 ndiyo iliyozua ule mjadala mkubwa wa mashairi yasiyo na vina. Vijana watayapenda haraka kuliko tarbia.

KinaChaBahari:
Ndugu yangu, kuyapenda watayapenda, kuyasoma kwa sauti ndiyo kazi. Tarbia inambeba msomaji mchanga, kwa sababu mkato na kina vinamwonyesha njia. Shairi huru halimshiki mkono: anapaswa kusimama mahali mtunzi alipokata mstari, hata kama sentensi haijaisha, na bila kuangusha sauti. Asiyezoea analigeuza insha. Wapeni miezi miwili ya tarbia, kisha Kezilahabi, na hapo wa Nansio ndio waongoze.

Mkazi_Kirumba:
Nimewaelewa wakuu. Na tenzi je? Kuna mwenzetu anautaka wa Mwana Kupona.

Bi_Mizani:
Utenzi usomwe kwa mfululizo, msiuchambue ubeti kwa ubeti kama tarbia. Ubeti una mizani 32 tu: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachouunganisha utenzi wote. Sauti ipande kidogo kwenye cha tatu, itue kwenye cha nne. Huo aliutunga mama wa Pate mwaka 1858 kumuusia binti yake, una beti 100 na ushei. Someni beti 7 kwa siku, wiki mbili na siku moja hivi mmemaliza.

Kinachowakwamisha watu wa bara ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Chukueni chapa yenye faharasa, na mwenye zamu atume maneno magumu usiku wa kuamkia zamu yake: "mato" ni macho, "nti" ni nchi. Msibadilishe neno kwenye ubeti ili lieleweke. Weka "macho" mahali pa "mato" na kina kimekwenda.

Nansio_Kwetu:
Sawa, nimekubali tarbia zitangulie. Mkuu Kirumba, funga kundi siku za Jumatatu na Jumanne, wasimamizi pekee watume, na mwenye zamu mpe usimamizi wa wiki yake. Shairi likifukiwa na matangazo ya viwanja, Jumatano hakuna atakayelitafuta.