Ndugu wa Sanawari: hita ya trela

*Jumamosi*

18:41 Baraka: Shikamooni wakubwa. Hita ya gesi ya kupashia maji ya shawa aliyotuma Dada Neema imefika salama 🙏 (picha) Nataka niifunge kwenye trela kabla wageni hawajapanda Ngorongoro Jumanne. Naona niipige bolti mle ndani ya boksi la nyuma, pembeni ya jiko, isipate vumbi.

18:43 Mjomba Eliya: Marahaba. Ndani HAPANA.

18:43 Baraka: Mjomba hata vipimo hujaviona

18:44 Mjomba Eliya: Vipimo vya nini. Hiyo haina bomba la kupeleka moshi nje. Inapumulia palepale juu, kwenye vile vitundu.

18:46 Dada Neema: Mjomba shikamoo. Baraka sikiliza, imeandikwa hadi kwenye boksi lake, ni ya kutumia nje tu. Huku Colorado watu wenye trela za kambi wanaitundika ubavuni kwa nje, wakimaliza kuoga wanaishusha.

18:47 Baraka: Mlango wa boksi si nitauacha wazi? Hewa itapita

18:49 Mjomba Eliya: Marahaba Neema. Baraka, usiku baridi, mvua inanyesha, mpishi ataufunga huo mlango. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi hawakuamka. Gesi inayoua ni hiyohiyo, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya mtungi unaoijua ni ya gesi ambayo haijaungua. Hii nyingine haikupi taarifa.

18:50 Shangazi Rehema: Huyo mpishi wa kufunga mlango ni mimi. Nimejisikia nikitajwa 😂

18:50 Shangazi Rehema: Na kweli ningefunga. Baridi ya kambi ya Simba A kule Ngorongoro mwezi huu ni mchezo?

18:52 Baraka: Haya basi nje. Lakini naifunga moja kwa moja, sitaki kazi ya kupandisha na kushusha kila kambi

18:53 Mjomba Eliya: Kule Serengeti, kutoka lango la Naabi hadi Seronera umeshapita?

18:53 Baraka: Mjomba mimi ndiye dereva 😅

18:56 Mjomba Eliya: Basi unajua ile barabara inavyotetemesha gari mpaka redio inachomoka. Ndani ya hita kuna koili ya shaba yenye viungo vya kuchomelea, kuna vijiwaya vya cheche, kuna kile kijiti kinachohisi moto. Ukiisafirisha imening'inia kwenye chuma, kiungo kimoja kitaachia. Kikiachia upande wa maji utaona maji yanadondoka. Kikiachia upande wa gesi hutaona kitu.

18:57 Mjomba Eliya: Isafiri ndani ya boksi lake na sponji zake.

19:01 Mjomba Eliya: Nitakachofanya: nakuchomelea mkono wa kukunja. Engo ya inchi moja na nusu, bawaba mbili nzito, pleti ya milimita 3. Kambini unaukunjua na kuubana kwa pini, hita inakaa mbali na bodi. Safarini mkono unalala ubavuni. Nyuma ya hita angalia, kuna matundu mawili yenye umbo la tundu la ufunguo. Kichwa cha bolti kinaingia pale palipo pana, unaishusha, kinakabwa pale pembamba. Ni sekunde tano, hata Shangazi ataweza.

19:02 Shangazi Rehema: "Hata Shangazi" 🙄 Nimefunga mahema wewe ukiwa unajifunza kushika spana

19:02 Mjomba Eliya: Nisamehe dada 😂

19:04 Baraka: Upande gani? Kulia kuna turubai la kivuli, linafunguka juu ya jiko

19:05 Dada Neema: Basi kushoto. Joto lote linatoka kwa juu, usiliweke turubai wala kamba ya nguo juu yake. Na ukiegesha trela angalia upepo unatoka wapi. Ukipiga usoni mwa hita moto unazimika zimika, halafu mgeni anapiga kelele na sabuni kichwani.

19:08 Baraka: Jambo jingine. Regyuleta iliyokuja nayo haiingii kwenye mitungi yetu kabisa. Nimejaribu kwa nguvu

19:09 Dada Neema: Usitumie nguvu!! Mitungi ya Marekani ina nyuzi tofauti. Nunua ya huko.

19:10 Baraka: Ninayo ile ya jiko kubwa la Shangazi la kupikia ubwabwa wa msibani. Inatoa moto wa maana

19:10 Mjomba Eliya: 🛑

19:13 Mjomba Eliya: Hiyo ni ya presha kubwa. Soma kibandiko cha hita, kimeandikwa kPa 2.8 au namba iliyo karibu na hapo. Regyuleta ya kawaida ya nyumbani inatoa milibaa 28 hadi 30, ni kitu kilekile. Ukiweka ya ubwabwa, moto utatokea juu ya hita kama unachoma nguruwe. Angalia na kile kiasi cha kilo za gesi kwa saa kwenye regyuleta, kisiwe chini ya moja na nusu.

19:15 Juma: Shikamooni. Nimefanya hesabu kidogo. Hita yenyewe inatoa kama kilowati 10. Lita 5 kwa dakika itazipandisha nyuzi 28 hivi. Kwa hiyo maji ya Ngorongoro yakiwa nyuzi 10 alfajiri, kwenye shawa yanatoka nyuzi 38. Vizuri tu. Ukifungua zaidi yanakuwa vuguvugu, usilaumu hita.

19:16 Baraka: Na gesi? Mtungi wa kilo 6 utafika Serengeti na kurudi?

19:18 Juma: Inakula karibu kilo moja kwa saa ikiwaka mfululizo. Mtu akioga dakika 5 ni kama gramu 80. Gesi haitakuumiza bro. Kitakachokuumiza ni maji. Dakika 5 mara lita 5 ni 25. Tangi la trela lita ngapi?

19:18 Baraka: 100

19:19 Juma: Watu wanne limekauka. Na Shangazi hajapika wala hajaosha sahani.

19:20 Shangazi Rehema: Nilikuwa nasubiri mfike hapo. Miaka yote nachemsha maji kwenye sufuria, mgeni ndoo moja ya lita 10, anaoga, anashukuru, anatoa na bakshishi. Hii shawa yenu inamwaga ndoo mbili na nusu kwa mtu mmoja.

19:22 Baraka: Shangazi wageni wa siku hizi wanauliza shawa kabla hawajauliza simba

19:24 Dada Neema: Ile shawa ina kitufe cha kuzima pale mkononi. Unajilowesha, unazima, unajipaka sabuni, unawasha unajisuuza. Lita 10 zinatosha. Ila waambie wageni: ukizima, maji yaliyobaki ndani ya koili yanaendelea kupata joto. Ukiwasha tena yale ya kwanza yanaunguza. Elekeza chini kwanza, ndipo ujimwagie.

19:25 Shangazi Rehema: Hiyo iandikwe kwa Kiingereza na kubandikwa palepale kwenye mkono

19:28 Juma: Na hilo la kubana maji lina shida nyingine. Pampu yetu ya volti 12 inajikata presha ikipanda. Mtu akifungua maji kidogo sana, pampu itakuwa inakata na kuwaka, na hita inawaka kwa kuhisi maji yanapita. Kwa hiyo moto unakufa, unafufuka, unakufa. Moto baridi moto baridi. Nitafunga lile tangi dogo la presha katikati ya pampu na hita, linatuliza. Na chujio kabla ya pampu, maji ya kambini yana mchanga.

19:29 Mjomba Eliya: Huyu kijana shule haikupotea bure.

19:31 Juma: Asante Mjomba 🙏 Halafu Baraka, hesabu yangu ya kilo 6 ni ya Arusha mchana. Kule juu chukua mtungi wa kilo 15. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ikikaribia nyuzi sifuri haitaki kugeuka mvuke. Mtungi mdogo ukinyonywa kwa kasi unapoa zaidi, unatoa jasho, moto unanywea wakati gesi bado imo. Mkubwa hauchoki haraka.

19:32 Mjomba Eliya: Na usimame wima, usilazwe. Ukilala gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta. Safarini koki imefungwa.

19:33 Mjomba Eliya: Hewa ya kule nayo ni nyembamba. Moto uwe wa bluu. Ukiona umegeuka njano na masizi yanajikusanya juu ya vitundu, zima. Msibishane nao.

19:36 Shangazi Rehema: Tembo je? Kule Simba A wanakuja hadi kwenye tangi la maji la kambi kunywa. Akiona mpira wa maji unaning'inia ubavuni mwa trela usiku, atauacha?

19:37 Baraka: 😂😂😂

19:37 Shangazi Rehema: Mnacheka. Mimi ndiye ninayelala hatua kumi kutoka hapo.

19:38 Mjomba Eliya: Anasema kweli. Giza likiingia hita inashushwa, mpira unakunjwa, maji ya ndani yanamwagwa. Mgeni wa kuoga saa nne usiku apewe ndoo ya Shangazi.

19:39 Shangazi Rehema: Asante. Sufuria langu limerudishwa kazini 💃🏾

19:42 Mjomba Eliya: Baraka, kesho saa tano, baada ya ibada, gereji. Njoo na trela, hita, mtungi uliojaa, regyuleta mpya, mpira wa gesi mpya na klipu zake. Usiniletee ule mpira wa njano wenye nyufa niliouona Pasaka. Beba na sabuni ya maji, kila kiungo tunakipaka povu tukitafuta mapovu.

19:43 Baraka: Sawa Mjomba. Na betri za hita?

19:43 Dada Neema: Mbili, zile nene za tochi. Nunua nne, nyingine ziwe za akiba.

19:44 Juma: Nakuja na tangi la presha. Nauli nani anatoa?