Mrejesho: King'amuzi kimeshika Waifai

Naleta mrejesho nilioahidi. Niliuliza kwa nini king'amuzi changu, chenye kidude cha Waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kiliorodhesha mitandao ya majirani lakini hakikuuona wa kwangu, ilhali simu iliyokuwa juu ya meza ileile iliupata bila shida.

Wengi mlidhani tatizo ni nywila, jambo ambalo sikulikubali, kwa kuwa nywila haiwezi kukataliwa kabla mtandao haujaonekana. Aliyenishauri nitazame chaneli ya Waifai, yaani njia ndogo ndani ya masafa ambamo mtandao hurushwa, si chaneli ya televisheni, ndiye aliyepatia. Nilipoingia kwa simu kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachorusha Waifai, nilikuta masafa ya gigahezi 2.4 yamepangwa yajichagulie chaneli yenyewe, nayo yalikuwa yameangukia chaneli ya 13, wakati kidude changu husoma kuanzia ya 1 hadi ya 11 tu. Niliiweka ruta kwenye chaneli ya 6, nikahifadhi, nikasubiri ijiwashe upya. Jina la mtandao wangu likatokea juu kabisa ya orodha.

Kuandika nywila kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine, kulinichosha kuliko uchunguzi wote, na nilikosea mara mbili kwa sababu ya herufi kubwa. Masafa ya gigahezi 5 sikuyagusa, maana kidude hakiyapokei. Sasa king'amuzi kinasasisha programu yake chenyewe, ingawa video za mtandaoni hukwama kidogo mtu anapofunga mlango wa chumba ilimo ruta, hivyo nitatafuta waya mrefu zaidi niisogeze karibu.