Kobe wa kujifunga kabisa: wa Marekani, wa mgongo wenye bawaba, ama huyu wetu wa madoa?

MamaElementaita: Wadau habari zenu. Jana asubuhi mbwa alipata kobe kwa ua, akamgeuzageuza mpaka nikatoka mbio na fimbo. Kobe alikuwa ameficha kichwa, miguu ya mbele ameileta pamoja magamba yakitazama nje, lakini nyuma kulibaki wazi na mguu mmoja ulikuwa na damu, roho iliniuma sana. Nasikia kuna wa Marekani wanajifunga kama sanduku, wetu mbona hawawezi?

Omosh_Dunga: Pole sana mama. Hao ni Terrapene, gamba la tumbo lina bawaba katikati, mbele linapanda na nyuma linapanda mpaka yote yanakutana na gamba la juu, hakuna mguu wala mkia unaobaki nje. Wadogo bado hawawezi, bawaba inakuja wakishakua miaka kadhaa. Wako ana madoa meusi na manjano?

MamaElementaita: Ndio, na ni mzito.

Kiptoo_Rongai: Basi huyo hana bawaba popote, anategemea ukubwa na ugumu wa gamba. Lakini Kenya tuko na kobe wa aina ya Kinixys, bawaba yake iko mgongoni, gamba la nyuma linashuka kama kifuniko cha sufuria linafunika miguu na mkia. Kwa mbwa wa mama, Kinixys angepona vizuri. Kuna pia kobe chapati wa Kitui, gamba laini, yeye hajifungi hata kidogo, anakimbilia ufa wa jiwe.

Omosh_Dunga: Na huku ziwani kuna Pelusios, anafunga mbele kwa tumbo, ila huyo ni wa maji.

Atieno_K: Kwa kufunga pekee wa Marekani anashinda wote, hapo sibishani. Lakini gari haliogopi bawaba jamani, na huyo wa Marekani akihamishwa mbali anazunguka akitafuta kwao mpaka anakanyagwa barabarani. Mama, kobe wako muoneshe daktari wa mifugo, halafu umrudishe palepale ulipomtoa. Usimfuge, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

MamaElementaita: Daktari ameosha kidonda, anasema hakijaingia ndani. Saa kumi jioni kobe alitoa pua kidogo, akatulia, akatoa shingo yote akauma jani la mchicha. Kesho namrudisha kwa ua, na mbwa nishamfunga.